Kutoka Redio ya Kijiji hadi Kishikwambi: Historia ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Kompyuta



Harambee ya mwaka huu ni ya kompyuta kwa shule za kata zetu mbili, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini. Wengi wenu mmetuuliza swali la haki kabisa: tutanunua ngapi? Sisi wa kamati ya fedha tunaomba swali hilo litanguliwe na jingine: kila mashine itakayoingia darasani itafundishia somo gani, kwa watoto wangapi, kwa dakika ngapi? Hatuulizi ili kuchelewesha jambo. Tunauliza kwa sababu nchi yetu imewahi kununua mashine kwanza na kufikiria kazi yake baadaye, na pia imewahi kufanya kinyume chake kwa mafanikio makubwa. Historia zote mbili zinatuhusu.

Ujirani wetu na kompyuta

Kikuyu si mgeni wa elimu. Hapa ndipo ilipokuwa Shule ya Sekondari Alliance, ambayo baadaye ilipewa jina la Mtemi Mazengo wa Ugogo. Tangu 2007 majengo yale ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mwaka huohuo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho ndani yake kuna ndaki nzima ya masuala ya kompyuta. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, ofisi zinazoendesha kila kitu kwa mifumo ya kompyuta zikafuata.

Kwa hiyo mtoto wa Kikuyu anaishi jirani na kompyuta. Lakini kuishi jirani na kisima si kunywa maji. Katika dawati moja anaweza kukaa mtoto wa mtumishi mwenye kompyuta mpakato nyumbani, mwenzake anayeshika simu ya mama jioni mama akisharudi kutoka gengeni, na wa tatu anayeiona kompyuta kwenye steshenari tu, akisubiri kutolewa kopi. Mwalimu anayeingia darasani na somo moja lililotungwa kana kwamba wote watatu wana mashine, atamfundisha mmoja. Akitunga kana kwamba hakuna aliye nayo, atamchosha yule mmoja. Kazi ngumu iko hapo.

Kompyuta ya Hazina

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Sisi wahasibu tunaikumbuka historia hii kwa sababu kazi iliyokusudiwa ilikuwa yetu: kuweka hesabu za serikali. Mambo hayakwenda vizuri. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, kazi ikategemea wageni, hesabu zikavurugika, na serikali ikarudi kwenye leja za mkono. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kamba ilianza kulegezwa miaka ya 1980.

Ni rahisi leo kucheka marufuku ile. Tukiitazama kwa jicho la mkaguzi, mashine haikuwa na kosa lolote. Ilichokosa ni watu waliofundishwa kuitumia, na utaratibu wa kazi uliopangwa kulingana na hali halisi ya ofisi. Nchi ililipia kasoro hiyo kwa miaka mingi ya kubaki nyuma.

Redio moja, watu wengi

Mwaka mmoja tu kabla ya marufuku hiyo, nchi hiihii ilikuwa imefanya jambo ambalo bado linasomwa na wataalamu wa elimu duniani. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio kuhusu malaria, maji, vyoo na maradhi mengine. Viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walikuwa wamepewa mafunzo kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa.

Tuangalie mpango wake. Waliouandaa hawakudhani kwamba kila kaya ina redio. Walipanga somo kwa redio moja na kikundi kizima. Watu walisikiliza, wakasoma kitabu kilichoendana na vipindi, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Redio ilichukua sehemu ndogo ya muda. Sehemu kubwa ilikuwa ya kitabu, mjadala na jembe la kuchimbia choo. Betri zikiisha, kitabu na mjadala vilibaki.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Hazina mashine ilitangulia na watu wakaifuata. Kwenye Mtu ni Afya watu na somo vilitangulia, redio ikaja kuwasaidia.

Majirani na walio mbali

Wenzetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ilikwama, na mpango ukabadilika kuwa vishikwambi vilivyoanza kusambazwa mwaka 2016. Moja ya faida zilizobaki ni kwamba shule nyingi ziliwekewa umeme kwa ajili ya mpango huo. Peru ilinunua kompyuta nyingi za watoto kwa ajili ya shule za vijijini. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Amerika, uliotolewa mwaka 2012 na kuhusisha shule 319, haukuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda. Watoto walizitumia mashine, lakini ufundishaji darasani haukubadilika.

Kwetu, somo la kompyuta liliingia katika mihtasari ya sekondari miaka ya 1990. Sera ya Taifa ya Tehama ilitoka 2003, na ya elimu ya msingi ikafuata 2007. Kuanzia 2005 vyuo vya ualimu vya serikali vilipelekewa kompyuta kwa msaada wa Sweden, hatua ya busara kwa kuwa ilianza na mwalimu. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Kwa miezi mitatu tukaona waziwazi nani ana nini nyumbani. Na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Maana yake ni kwamba katika shule nyingi kifaa cha kwanza cha kufundishia kimeshafika. Kiko mikononi mwa mwalimu.

Somo moja, hali nne

Tuchukue somo tunalolijua sisi: jedwali la mapato na matumizi ya genge. Linaweza kupangwa kwa hali nne.

Pasipo kompyuta hata moja, mwalimu huchora jedwali ubaoni, safu kwa herufi na mistari kwa namba. Mtoto mmoja ndiye B2, mwingine B3, kila mmoja ameshika kikaratasi chenye kiasi cha mauzo. Aliye B4 kazi yake ni kujumlisha. B2 akibadilisha kikaratasi chake, B4 lazima abadilike. Hapo kanuni ya jedwali la kompyuta imeeleweka bila umeme. Mbinu za aina hii ziliandaliwa na kusambazwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, tangu miaka ya 1990. Mojawapo huweka watoto watano mstarini na kadi zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16. Kwa kuonyesha au kuficha kadi, watoto hao watano wanaweza kuandika namba yoyote kuanzia 0 hadi 31, jinsi kompyuta inavyofanya.

Penye kifaa kimoja, kishikwambi cha mwalimu au kompyuta yenye projekta, darasa hubashiri kwanza: B2 ikiwa 5,000 badala ya 3,000, jumla itakuwa ngapi? Wanaandika jibu daftarini, kisha mtoto mmoja anabonyeza na wote wanaona.

Penye kompyuta chache, hesabu ya muda ndiyo mwamuzi. Darasa lina wanafunzi 45, kompyuta 5, vipindi viwili vilivyounganishwa vya dakika 80. Tukisema kila mtoto akae peke yake, watoto 9 wanagawana mashine moja, na hata dakika 9 hazifiki kwa kila mmoja, huku wanane wamekaa bure. Tukigawa darasa makundi matatu ya watoto 15, kundi moja likae kwenye mashine watatu watatu, la pili lifanye jedwali kwenye karatasi, la tatu liwe na mwalimu. Kila dakika 25 wanabadilishana. Kila mtoto atapata dakika 25 za mashine, na zinabaki 5 za kuhama. Mashine ni zilezile 5.

Penye maabara kamili, au kwa yule mwenye kompyuta nyumbani, mwalimu huongeza kazi: chora grafu ya mwezi mzima. Lakini haiwi kazi ya nyumbani yenye alama, maana hapo tutakuwa tunasahihisha kipato cha mzazi.

Hesabu zetu

Sheria yetu ya kodi ya mapato huruhusu kompyuta kushushwa thamani kwa asilimia 37.5 kila mwaka ya thamani iliyobaki. Kompyuta ya shilingi 1,000,000 inabaki 625,000 mwaka wa kwanza ukiisha, 390,625 wa pili, na wa tatu haifiki 245,000. Hiyo ni hesabu ya vitabuni, na vumbi letu la Dodoma halina huruma zaidi ya vitabu. Mwalimu aliyejifunza kupanga somo kwa hali nne hashuki thamani kwa namna hiyo. Anapanda.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwa mkutano mkuu kwamba katika kila shilingi 100 tutakazochanga, 50 zinunue mashine, 20 zigharamie mafunzo ya walimu, 20 ziwekwe kwa matengenezo, umeme na vifuniko vya vumbi, na 10 zichapishe karatasi za masomo kwa watoto wasiofikiwa na mashine siku hiyo. Tunajua picha ya kompyuta 20 inapendeza kwenye jalada kuliko picha ya kompyuta 10 na mafungu ya karatasi. Lakini kompyuta 10 zenye ratiba zitafundisha watoto wengi kuliko 20 zilizofungiwa chumbani zikisubiri fundi.

Wenzetu mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na ng'ambo, mnaotuma kompyuta zilizotumika, tunawashukuru. Tunawaomba pamoja na kila mashine mtume na gharama ya kuihudumia mwaka mmoja. Na ninyi mlioko hapahapa, walimu wastaafu na vijana wa vyuo viwili tulivyovitaja, mchango wenu unaweza kuwa Jumamosi mbili za kukaa na walimu wetu na kuandaa masomo. Nao tutauandika kwenye daftari la michango kama tunavyoandika fedha.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Fomu ya ahadi iko ndani ya jalada la nyuma. Jaza, weka sahihi, mrudishie mjumbe wako kabla ya mkutano mkuu.