Plake Bila Fundi Ni Bati Tu
Historia ya washauri wa umeme wa jua, na somo lake kwetu Masisi na Walikale



Katika mkutano wetu mmoja, mama mkunga wa kituo cha afya cha kwetu alisimama nyuma kabisa, akasema: «Ile plake iko juu ya nyumba, kila mtu anaiona. Lakini usiku mtoto anazaliwa na mimi nimeuma telefone mu meno juu ya kupata mwangaza. Sasa mulituletea nini?» Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Wengi mnakumbuka plake hizo zilivyofika. Tulikuwa tumerudi tu kutoka kambini, nyumba nyingine bado ni turubai, na gari la mradi mmoja likapanda mpaka kwetu. Vijana walifunga plake siku mbili, wakapiga picha, wakashuka Goma. Taa zikawaka zaidi ya mwaka moja. Kisha batri ikaanza kuchoka: saa nne za usiku, saa mbili, mwishoni dakika kumi. Tulipotafuta wenye mradi, mradi ulikuwa umefungwa. Leo ile batri inakalisha kuku.

Mimi nilirudi nyumbani na swali la mama mkunga. Nikaanza kutafuta: hii shida ni yetu peke yetu, ao kuko wengine waliopita humo mbele yetu? Wako. Wakenya walipita humo miaka 40 iliyopita, na kutoka shida hiyo ikazaliwa kazi moja ambayo kwetu bado haina jina la kueleweka: kazi ya ushauri wa nishati. Historia yake ndiyo hii.

Shule moja ya Meru

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, umeme wa jua ulikuwa umekwisha kufika Kenya, lakini ulikuwa kitu cha wafadhili: friji za chanjo, pompi za maji, mitambo ya simu. Mtu wa kijiji aliuona kama anavyoona ndege inapita juu.

Mu 1984, katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru chini ya mlima Kenya, kulikuwa mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani aliyeitwa Mark Hankins. Ilikuwa shule ya harambee, maana wazazi wenyewe ndio walioijenga kwa michango yao. Shule ilitaka kununua motere ya mazutu ili wanafunzi wasome usiku. Hapo ndipo anaingia Harold Burris, Mmarekani mwingine, mainjinia, aliyekuwa ameanzisha kazi ndogo ya umeme wa jua iliyoitwa Solar Shamba. Burris na Hankins waliomba shule ipige hesabu upya: bei ya motere, sawa, lakini mazutu ya kila wiki nani atalipa? Na ikiharibika? Shule ikapiga hesabu, ikachagua jua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kiini kiko hapa. Burris na Hankins hawakufunga plake na kwenda zao. Waliwafundisha vijana wa kule kule, mafundi wa umeme wa vijijini, jinsi ya kupima, kufunga na kutengeneza. Shule zingine zikafuata, na msaada wa Marekani ukasaidia kulipia mafunzo. Walimu waliofundisha chini ya zile taa wakaanza kuuliza: «Na nyumbani kwangu itakuwa bei gani?» Wale mafundi walikuwa wanaishi mtaa mmoja nao. Walijibu, walipima, walifunga, na taa ikizima mwalimu alijua mlango wa kugonga.

Eneo lile lilikuwa la kahawa na chai, watu walikuwa na franka kidogo wakati wa mavuno. Wengi walikuwa tayari wanaangalia televisheni kwa batri ya gari, wanaibeba mpaka senta kuishaji. Plake ikawaondolea ile safari. Na mwisho wa miaka ya 1980 zikaja plake ndogo za wati 10 hivi, mtu anaweza kununua bila kungojea mradi. Njo vile soko likaanza: kidogo kidogo, na mifuko ya watu wenyewe.

Kutoka fundi mpaka mshauri

Lakini soko bila mwalimu linakuwa na wezi. Watu walianza kuuza plake za uongo, batri za gari kwa jina la batri za jua, nyaya nyembamba kama uzi. Mteja aliona taa inawaka siku ya kwanza, akalipa. Miezi sita nyuma yake analia.

Hapo ndipo kazi ya ushauri ilipohitajika. Mu miaka ya 1990 Hankins na wenzake walikuwa na bureau Nairobi iliyoitwa Energy Alternatives Africa. Haikuwa duka la plake. Ilifundisha mafundi, ilikwenda nyumba kwa nyumba kuhesabu kipi kinawaka na kipi kimekufa, ilijaribu vyombo, kisha ikawaambia serikali, benki na wafadhili ukweli wa mambo. Hankins aliandika pia kitabu cha ufundi wa umeme wa jua kwa Afrika, chenye michoro na hesabu rahisi, ambacho mafundi wengi walijifunzia.

Kazi hiyo haikubaki Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la KARADEA lilifungua kituo cha kufundisha mafundi wa jua huko Karagwe, mkoa wa Kagera, Tanzania. Wazee wetu wanaijua Karagwe kwa sababu nyingine: mu 1994 ilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Wilaya hiyohiyo ya mbali, yenye mzigo wa wakimbizi na isiyo na nguzo za umeme, ilikuwa na mahali fundi alifundishwa jua. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba kwanza amani ikamilike kabisa ndipo mafundi wafundishwe.

Mu 1998 zikaja pesa kubwa. Tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni lilianzisha mpango wa dola milioni 30 kwa ajili ya masoko ya jua ya Kenya, India na Moroko. Kenya ikatengewa milioni 5. Lakini mikopo ilikuwa mizito kwa makampuni madogo, na pesa zilitembea polepole sana. Wakati huohuo watafiti walipima plake zilizokuwa zinauzwa madukani Kenya, wakakuta aina fulani inatoa nguvu chini sana ya ile iliyoandikwa nyuma yake. Mnunuzi wa kijiji hana chombo cha kupimia. Anaamini maandishi. Kipimo cha watafiti kilisaidia kusukuma mambo ya ubora kuliko hotuba nyingi.

Miaka ya 2000 ile bureau ilibadilika jina, ikaungana na Waingereza, ikawa Energy for Sustainable Development Africa, na baadaye ikaingia ndani ya kampuni kubwa ya Camco. Hankins mwenyewe alianzisha bureau nyingine, African Solar Designs. Majina yalibadilika, wenye mali walibadilika, lakini kazi ilibaki ileile: kupima, kufundisha, kusema ukweli. Na mu 2012 Kenya iliweka sheria: anayefunga umeme wa jua awe na leseni, kwa ngazi, kulingana na ukubwa wa kazi anayoweza kuifanya. Mwaka huohuo M-KOPA ilianza kukopesha taa za jua zinazolipwa kidogo kidogo kwa simu.

Tangu Karamugi mpaka leseni ni miaka 28. Haikuwa muujiza. Ilikuwa kurudia kazi moja bila kuchoka.

Na huku kwetu?

Sisi tulipewa umeme wa namna nyingine: wa mitambo mikubwa na nguzo ndefu. Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwisho wa miaka ya 1950, Ruzizi ya pili ikafuata mu 1989. Umeme ule ulifika Bukavu na Goma. Kupanda kwetu milimani haukupanda. Mtu wa Nyabiondo ao wa Pinga alisikia habari ya SNEL kama anavyosikia habari ya bahari.

Mu 2014 serikali ilitoa sheria mpya, ikafungulia makampuni ya watu binafsi mlango wa umeme. Mwisho wa 2015 mtambo wa maji wa Matebe, Rutshuru, ulizinduliwa chini ya Hifadhi ya Virunga, zaidi ya megawati 13. Mu 2020 kampuni ya Nuru iliwasha Goma mtambo wa jua wa megawati 1,3. Mambo mazuri, tunawapongeza. Lakini Rutshuru ni Rutshuru, Goma ni Goma. Kule Walikale, hata mgodi mkubwa wa bati wa Bisie umetembea kwa motere za mazutu. Kama kampuni yenye pesa imebeba mazutu mpaka ndani ya pori, mama mkunga angeweza nini?

Tuseme wazi: njia ya Kenya haiwezi kunakiliwa yote. Wao walikuwa na kahawa inayolipwa na barabara inayopitika. Sisi tumekimbia mara ngapi? Mtu anaogopa kununua plake ya dola mia kwa sababu hajui kama mwaka ujao atakuwa nyumbani. Plake ni kitu cha kwanza kuporwa. Lakini kitu kimoja hakiporwi: ujuzi. Fundi akikimbia, anakimbia nao. Akirudi, anarudi nao.

Hesabu ya mama mkunga

Ili tuelewe mshauri anafanya nini, tuchukue chumba cha kuzalishia. Taa 6 za wati 5, zinawaka saa 5 kila usiku: hiyo ni wati-saa 150. Telefone 10 za kushaji, wati-saa 10 kila moja: 100. Jumla 250. Njiani nguvu inapotea, basi tugawanye kwa 0,7: tunahitaji kama 360 kila siku. Kwetu ukungu ni mwingi, tuhesabu saa 4 tu za jua zuri: plake ya wati 90, tununue ya 100. Batri ishike siku mbili bila jua, yaani 500, na batri ya risasi isishuke chini ya nusu: tunahitaji 1.000, sawa na batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hivi.

Ni hesabu ya ukurasa mmoja. Sasa mtu akichomeka pasi ya wati 1.000 kwa saa moja tu, amekula zaidi ya nguvu ya siku nzima. Akifanya vile kila juma, batri inakufa mapema. Njo maana ile yetu ilikufa. Plake haikuwa na kosa. Plake nzuri inafika miaka 20 na zaidi. Batri ya risasi, hata ikitunzwa, ni miaka michache, kisha inunuliwe nyingine. Nani alituambia? Nani aliweka pesa ya ile nyingine? Hakuna. Na sisi pia hatukuuliza. Tulipiga makofi.

Tunachowaomba

Kwa wafadhili: tunashukuru kwa kila taa. Lakini kabla ya kutuma plake kumi, tumeni tano, na pesa ya zile tano zingine ifundishe vijana wawili wa kijiji, msichana na mvulana, wenye kipimo chao na vyombo vyao. Na mradi ukifungwa, turudieni nyuma ya mwaka, muone kipi bado kinawaka.

Kwa sisi wanachama: wale wa Karamugi walikuwa wazazi wenye kutoa michango, sawa na sisi tunavyofanya likelemba. Katika mkutano ujao tutaleta pendekezo: sehemu ndogo ya kotizasio iwekwe pembeni kila mwezi kwa ajili ya batri, na anayeshaji telefone kwenye kituo alipe kidogo, ile pesa iingie sanduku hilohilo. Daftari likae kwa mama mkunga mwenyewe. Yeye ndiye anayejua bei ya giza.

Na pasi, wandugu, tafadhali, ibaki ya makaa.