Leseni ya Kinyozi: Historia ya Wembe Mbele ya Sheria

Kinyozi ametajwa katika sheria tangu zama za kale. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizochongwa juu ya jiwe katika karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliagiza kwamba kinyozi atakayeondoa alama ya mtumwa bila idhini ya bwana wake akatwe mkono. Kama alidanganywa, aliapa akaachiwa, na aliyemdanganya ndiye aliyeuawa. Mtihani haukuwapo, wala cheti, lakini dola ilikuwa imekwisha kutambua kuwa mwenye wembe si mtu wa kuachwa hivi hivi.

Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati, usimamizi wa mafundi ulikuwa mikononi mwa muhtasib, mkaguzi wa masoko. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa maofisa hao huko Shamu katika karne ya 12, alitaka kinyozi wa hamamu awe na wembe mkali, na siku ya kazi asile vitunguu wala vitunguu saumu, asije akawakera wateja kwa harufu ya kinywa. Ni kanuni ya mtu aliyewahi kunyolewa.

Ulaya ilifika kwenye leseni kwa njia ya damu. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliwakataza makasisi kufanya upasuaji wa kukata na kuchoma, na vinyozi, waliokuwa na vyombo tayari, wakazidi kushika kazi hiyo: kuumika, kutoa damu, kung'oa meno. London mwaka 1307 iliwapiga marufuku kuanika damu madirishani ili kuvutia wateja. Waibebe kimya kimya mpaka mto Thames. Mwaka uliofuata kinyozi aitwaye Richard aliapishwa kuwakagua wenzake kila mwezi, na jambo aliloagizwa kulichunguza halikuwa ukali wa wembe bali kama kuna wanaoendesha madanguro. Hapo ndipo chama cha mafundi kilipoanza kupewa nguvu ya serikali. Mwaka 1462 Mfalme Edward IV alikipa chama hicho hati ya kifalme. Mwaka 1540, chini ya Henry VIII, sheria ya Bunge iliwaunganisha vinyozi na wapasuaji, ikawapa maiti wanne wa walionyongwa kila mwaka kwa mafunzo, kisha ikaweka mpaka: kinyozi asipasue, ila meno ang'oe, mpasuaji asinyoe. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1745. Wapasuaji walikwenda na elimu na heshima; kinyozi akabaki na nywele.

Leseni ya kisasa, yenye bodi na watahini, ilizaliwa Marekani. Kusini mwa nchi hiyo, kabla na baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kuwanyoa Wazungu wenye fedha ilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya watu Weusi. Alonzo Herndon, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1858, alitajirika kwa maduka yake ya unyozi ya Atlanta hata akaanzisha kampuni ya bima. Kisha wakaja wahamiaji kutoka Ujerumani na Italia, wakitafuta wateja wale wale. Chama cha wafanyakazi vinyozi kiliundwa mwaka 1887, A. B. Moler akafungua chuo cha unyozi Chicago mwaka 1893. Na mwaka 1897 Minnesota ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria ya leseni. Hoja iliyotangazwa ilikuwa afya, na haikuwa ya uongo: taulo moja na brashi moja vilipita nyuso nyingi, vikaeneza choa cha ndevu. Lakini wembe mchafu haukuwa adui pekee. Chama kilitaka washindani wapungue na bei isimame. Huko Ohio, George Myers, kinyozi Mweusi maarufu wa Cleveland, alipambana na miswada ya leseni kwa sababu aliona mlango ungefungwa mbele ya watu wake. Kwa maoni yangu, alielewa sheria hizo kuliko waliozitunga.

Karne ya 20 ilizieneza hata hivyo. Alabama, iliyokaa miaka mingi bila leseni ya jimbo, iliirejesha mwaka 2013. Leo katika majimbo mengi mwanafunzi husoma saa 1,000 au zaidi, ndipo afanye mtihani wa maandishi na wa vitendo. Ujerumani inadai cheti cha fundi mkuu kwa anayesimamia duka. Uingereza, pamoja na historia yake ndefu, iliishia kwenye sheria ya mwaka 1964 inayoruhusu usajili wa hiari tu.

Kwetu Afrika Mashariki, karatasi iliyobandikwa juu ya kioo cha kinyozi kwa kawaida ni leseni ya biashara ya halmashauri, au kibali cha kaunti kwa Kenya. Inathibitisha kuwa ada imelipwa. Haisemi kama mashine ilisafishwa kwa spiriti baada ya kichwa kilichotangulia. Ujuzi hupatikana kwa kukaa na fundi. Huko Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ikiwa siku moja tutataka leseni ya kinyozi mwenyewe, tuanzie hapo: tumpime usafi na mkono wake, tusimuulize alikaa dawatini saa ngapi.