Kutoka Mtambo hadi Kifyatulio: Historia Fupi ya Msamiati wa Silaha Nyanda za Juu Kusini

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya mafunzo ya silaha ni jina la kipande kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke, pamoja na majina ya vyuma vya kunyumbuka vinavyokirudisha mahali pake. Tukizifuata nyayo za bunduki katika Iringa na Mbeya, tutaona jinsi neno moja lilivyobebeshwa mizigo mitatu.

Katika karne ya 19 bunduki zilifika huko kwa misafara ya pembe za ndovu. Nyingi zilikuwa magobori, yaliyoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Mengine ya gumegume, mengine ya fataki. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa waliushinda msafara wa kijeshi wa Emil von Zelewski kwa mikuki zaidi kuliko kwa risasi, wakateka bunduki za kisasa zilizojazwa kwa nyuma. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga mwezi Oktoba 1894. Mkwawa naye alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Hivyo silaha za aina mbili zilikutana katika nchi moja kwa muda mfupi sana.

Lugha ilizipokeaje? Ilikopa kwa wawindaji. Kitendo cha mtego kuachia ghafula huitwa 'kufyatuka', na neno 'mtambo', lililotumika kwa mtego wa namna hiyo, likahamia kwenye bunduki. Humo likawa na maana ya chuma kinachonyumbuka, ya mashine nzima ya kufyatulia, na hata ya kile kinachovutwa. Kwa gobori hapakuwa na hasara kubwa: vipande vyake ni vichache, na mhunzi aliyeambiwa kwamba mtambo umelegea alifungua akajionea.

Bastola inayojijaza yenyewe haikubali ulegevu huo. Ndani yake mna chuma cha kunyumbuka kinachosukuma nyundo, kingine kinachorudisha kifuniko cha juu, kingine kinachopandisha risasi, na kingine cha kifyatulio. Cha nyundo kikilegezwa mno, fataki hugongwa kwa unyonge na risasi haiwaki. Mvuto wa kifyatulio ukipunguzwa mno, silaha yaweza kulia kabla ya mwenyewe kukusudia. Basi agizo la 'kulegeza mtambo' laweza kutekelezwa kwa utiifu kamili na bado likaua mtu.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao. 'Mtambo' libaki kwa mashine nzima. 'Kifyatulio' kiwe kile kinachovutwa. 'Kamani', neno lililozoeleka kwa saa, lililotoka Kihindi na ambalo asili yake ya Kiajemi ni upinde, liwe la chuma kinachonyumbuka, ingawa 'springi' limeenea katika karakana na halina kosa. Nguvu inayohitajika kukivuta kifyatulio iitwe 'uzito wa kifyatulio', nayo ipimwe kwa kilo.

Wazee walilinganisha bunduki na mtego, wakapata neno. Sisi tumerithi neno hilo pamoja na mashine yenye viungo vingi zaidi. Wajibu wetu ni kukipa kila kiungo jina lake.