Wasifu Uliokosa Mtu: Tukimkumbuka Shaaban Robert, Baba na Mlezi

Miaka kadhaa iliyopita, Jumamosi moja ya kiangazi hapa Kyuso, tulimzika mwalimu mwenzetu wa Kiswahili. Idara ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, nami niliuandika jinsi tunavyowafundisha watahiniwa wetu: kuzaliwa, masomo, ajira, ndoa, watoto, ugonjwa, kisha lile pengo ambalo kila marehemu huliacha. Niliusoma chini ya hema, watu wakaitikia kwa vichwa, nami nikaketi nikidhani nimefanya kazi njema. Jioni bintiye, aliyekuwa kidato cha pili, alinijia akaniuliza kwa adabu: “Mwalimu, mbona hukusema kuwa baba alikuwa akitusomea gazeti usiku kwa taa ya mafuta, na kuwa tukikosea ngeli tunaporudia habari alikuwa hatuachi tulale?”

Sikuwa na jibu. Niliyoyasoma yote yalikuwa kweli, lakini baba yake hakuwamo.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Shaaban Robert. Wengi wetu tulimsoma shuleni kupitia Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka wa 1951, tukamhesabu kuwa mtu wa falsafa na siasa iliyofichwa katika fumbo. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, upande wa mume aliyefiwa, wa baba, na wa mlezi aliyefundisha kwa kalamu bila kuwa mwalimu wa darasa.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Asili ya wazee wake ilikuwa Wayao. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka wa 1922 na 1926, kisha akaingia kazini kama karani wa forodha katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Aliendelea na ukarani katika idara mbalimbali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akafariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961. Hizo ndizo tarehe, na mtahiniwa anaweza kuzikariri kwa dakika tano. Mwandishi mwenyewe hakuziona kuwa ndizo maisha yake.

Tazama jinsi Maisha Yangu (1949) ilivyojengwa. Msomaji hutazamia tawasifu ianze na utoto na shule. Yeye anayaruka hayo na kumwonyesha kwanza kama mume. Ndoa, mke, watoto, uhamisho wa kikazi na msiba ndivyo anavyovipima kuwa maisha. Wako wahakiki waliolalamika kwamba ametunyima historia yake ya utotoni, na malalamiko yao yana msingi, maana mwanahistoria angependa kujua mengi kuhusu mtoto wa Tanga aliyelelewa wakati utawala wa Wajerumani unaondoka na wa Waingereza unaingia. Hata hivyo, mimi huona kwamba uteuzi huo wenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Karani Mwafrika wa zama zile alijulikana ofisini kwa cheo na mshahara wake. Huyu akaamua ajulikane kwa nyumba yake.

Kifo cha mkewe Amina ndicho kiini cha sehemu hiyo. Shairi alilomwandikia, linaloitwa kwa jina lake, limefundishwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki, na aghalabu hufundishwa kwa kuhesabu vina na mizani, likaishia hapo. Walimu tusikome hapo. Linganisha shairi hilo na wasifu wa makaburini. Mshairi hatuambii marehemu alizaliwa lini wala alisoma wapi. Anasema naye moja kwa moja, kama mtu aliye chumba cha pili, anamfananisha na ua, na anakiri upweke wake bila kujitia ushujaa. Wakati ambapo wanaume wengi wangeona aibu kumlilia mke hadharani, yeye alipeleka kilio chake kwa mpiga chapa.

Baba aliyebaki na watoto alifanya jambo jingine linalostahili kukumbukwa. Aliwaandikia wasia. Utenzi wa Hati aliuandika kwa ajili ya bintiye Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Mwanafunzi wa historia ya fasihi atatambua mara moja mizizi ya kazi hizi. Mnamo mwaka wa 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha akiwa mgonjwa, na muda si mrefu baadaye akafariki. Mama yule alimwita binti aketi karibu, ashike karatasi na kusikiliza. Shaaban Robert naye anaanza kwa kumtaka binti akae kitako aandike. Tofauti ni ndogo, lakini mimi huifurahia: binti wa Tanga anakalishwa kitini. Kila nisomapo mwanzo ule huiona ofisi ya forodha, na karani akimpisha bintiye kwenye kiti chake.

Isisahaulike kwamba katika Tanganyika ya wakati huo wasichana waliopata kwenda shule walikuwa wachache mno. Baba anayemwachia binti urithi wa maandishi, badala ya kumwachia maneno ya mdomo tu, alikuwa anadhania jambo ambalo halikuwa la kawaida: kwamba binti atasoma.

Hapa lazima nikiri ugumu ninaoupata darasani. Wasichana wangu wa kidato cha nne hawaukubali Utenzi wa Hati kwa urahisi. Wanauliza kwa nini binti ausiwe sana juu ya kumtii mume na kutunza nyumba. Mmoja aliwahi kusema kuwa huyo baba alimpa bintiye kalamu kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili. Nimesoma majibu ya wahakiki wanaomtetea kwa kusema kwamba kila mwandishi ni mtoto wa zama zake. Jibu hilo ni sahihi, ila ni jepesi. Mtoto wa zama hizo hizo ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka wa 1958, miaka minane baada ya mwimbaji huyo kufariki. Siti alikuwa msichana maskini wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu, akawa mwanamke ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka wa 1928 na kusikika katika mwambao wote. Shaaban Robert alimwandika kwa heshima kubwa, akijua kwamba njia ya Siti haikuwa ile aliyomchorea Mwanjaa. Je, baba alimwogopea bintiye kile alichokisifu kwa mwanamke mwingine? Mimi naamini hivyo. Wazazi tunaofundisha tunaijua hofu hiyo. Tunawahimiza watoto wa wenzetu wawe majasiri, wetu tukawataka wawahi nyumbani.

Ushahidi mwingine ni barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya mwaka wa 1931 na 1958, zilizokusanywa na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulenge alikuwa mwalimu wa shule, na ndiye aliyezihifadhi barua hizo kwa miaka mingi. Ningependa vijana wetu wazione angalau mara moja, hasa wale wanaodhani kuwa barua ya kirafiki ni zoezi la mtihani tu. Laiti mwalimu yule angezitupa, tungekuwa na sanamu la Shaaban Robert na si mtu.

Kuhusu ualimu wenyewe, hakuwa na darasa, lakini alilifikiria sana. Katika Kufikirika, riwaya iliyotoka baada ya kifo chake, mwalimu wa mwana wa mfalme anafukuzwa kwa sababu namna yake ya kufundisha haimpendezi mfalme. Mwandishi yuko upande wa mwalimu. Sehemu hiyo huwachekesha walimu wenzangu, kisha huwanyamazisha.

Sasa nirudi kwenye kazi ya darasa. Katika karatasi ya insha, 102/1, mtahiniwa anaweza kutakiwa aandike wasifu au tawasifu. Wasifu ni habari za mtu mwingine, tawasifu ni habari za mwandishi mwenyewe. Wanafunzi huzichanganya kila mwaka, na Shaaban Robert, aliyeziandika zote mbili, ni mfano mzuri wa kuzitenganisha. Tunafundisha muundo wake vizuri. Tatizo ni kwamba tunaishia kwenye muundo, na muundo huo huo ndio unaotufuata hadi makaburini.

Baada ya mazishi yale niliuandika upya wasifu wa mwenzetu, nikaweka taa ya mafuta, gazeti na zile ngeli, nikaupeleka nyumbani kwake. Kisha nikawapa kidato cha nne zoezi: andika wasifu wa mtu mzima unayemjua, na usitumie neno “pengo”. Wengi walihangaika. Mvulana mmoja alimwandika babu yake, aliyekuwa akisomesha wajukuu kwa kuuza mbuzi mmoja kila muhula, na kila mbuzi alipewa jina la mtoto ambaye karo yake ingetoka kwake. Hakuandika babu alizaliwa mwaka gani, wala hakuandika jina la kijiji. Nilimpa alama 14 kwa 20. Mwenzangu idarani alisema kuwa yeye angempa 11, kwa kuwa wasifu bila tarehe ya kuzaliwa haujakamilika. Tumelijadili jambo hilo zaidi ya mara moja chumbani mwa walimu, na bado hatujakubaliana.