Lisilobanwa na Lililobanuliwa

Katika studio za muziki za Dar es Salaam na Nairobi, ombi la kutumiwa WAV ni la kila siku. Mtayarishaji anaitaka sauti ya mwimbaji ikiwa kamili. Mwimbaji mwenye MP3 peke yake hufungua programu ya kubadilisha mafaili, akabonyeza, na punde akatuma faili lenye tamati ya .wav. Ukubwa umeongezeka mara kumi na moja hivi. Sauti iliyomo ni ileile.

WAV, umbizo lililotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huhifadhi kila sampuli kama ilivyopimwa. Kwa kiwango cha CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo huandikwa kwa biti 16, tena kwa upande wa kushoto na wa kulia. Hizo ni biti 1,411,200 kila sekunde, yaani megabaiti 10 na ushei kwa dakika. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata megabaiti 1.

Nafasi yote hiyo haiokolewi kwa kushindilia tu. Wahandisi wa MP3, akiwamo Mjerumani Karlheinz Brandenburg, walitumia tabia ya sikio la binadamu: mlio mkubwa huufunika mdogo wenye masafa ya karibu nao. Kinachodhaniwa kwamba hakitasikika hutupwa, au huandikwa kwa usahihi mdogo. Milio ya ghafla, kama ya tari au kayamba, huumia mapema kiwango cha biti kinaposhushwa.

Kwa kazi hii ya kupunguza ukubwa wa faili, Kiswahili kina kubana, kufinyaza, kushindilia na kukandamiza. Kubana ndilo linalofaa zaidi, kwa sababu limebeba kinyume chake: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kubana na kubanua. Hapo zinapatikana istilahi mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Faili lisilobanwa ni lile ambalo sampuli zake hazijawahi kupitia mbano tangu ziliponaswa. Faili lililobanuliwa lilibanwa kwanza, kisha likafunguliwa. Yote mawili yanaweza kuwa WAV, yenye ukubwa uleule na tamati ileile, lakini la mwimbaji wetu ni lililobanuliwa. Kilichotupwa na MP3 hakikurudi.

Ushahidi huonekana kwenye picha ya masafa, ambayo programu ya bure kama Audacity huichora. Sauti iliyopitia MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi hukatika karibu na hezi 16,000, kama iliyopigwa rula, na juu yake hubaki weusi mtupu.

Si kila mbano hupoteza. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, hubana kwa hesabu inayorejesha kila biti. WAV iliyobanuliwa kutoka humo ni sawa kabisa na ya awali. Kwa hiyo inafaa kusema pia mbano wa kupoteza na mbano usiopoteza.

Kubanua MP3 kuna faida yake. Anayehariri mahojiano kisha akayahifadhi upya kwa MP3 kila mara huongeza hasara kila anapohifadhi. Akifanya kazi yake ndani ya WAV, hasara inakomea pale ilipofika. Mifumo mingi ya kujibu simu nayo hudai WAV ya sampuli 8,000 kwa sekunde.

Mahali ambapo uzembe hauvumiliki ni kwenye nyaraka za sauti. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, enzi ambayo upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, hupendekeza nakala za kidijitali za angalau sampuli 48,000 na biti 24, na sampuli 96,000 ikiwezekana. Kwa kiwango hicho cha juu, dakika hizo tatu huchukua megabaiti 104 hivi kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Ni nyingi, na zinastahili. Mwenye kaseti za taarabu za bibi yake anaponasa moja kwa moja kwa MP3, anatupa sehemu ya sauti wakati kanda yenyewe inaendelea kuchakaa, na huenda isichezeke tena. Anase kwa WAV, atoe humo MP3 za kuwatumia ndugu kwa simu. Akipokea WAV kutoka kwa mwingine, aulize ilitokana na nini. Kama ni MP3, aandike kwenye maelezo ya faili: "lililobanuliwa", pamoja na kiwango cha biti cha chanzo.