Kengele Haikuwa Sauti Yao

Ukivuka daraja la Nyali, karibu na soko la Kongowea, konda ataita "Kengeleni!" na nusu ya matatu itashuka. Wengi hawaulizi ni kengele gani. Mnara wake ungali pale kando ya barabara, na kengele yake ilikuwa ya watumwa waliokombolewa wa Freretown. Endelea na barabara hiyo hiyo ya Malindi na baada ya muda mfupi utasikia steji nyingine: Bombolulu. Hapo, tangu 1969, kuna karakana za watu wenye ulemavu.

Steji mbili, na historia zake husimuliwa kila moja kivyake. Mimi naziona kama mchezo mmoja wa kuigiza ambao ng'ambo hii imekuwa ikiucheza kwa karibu miaka 150. Mtu anaokolewa. Anapewa kazi na mahali pa kulala. Kisha anatarajiwa ashukuru na anyamaze. Sehemu tamu ya mchezo ni pale anapokataa kunyamaza, na mara nyingi silaha yake ya kwanza huwa ni muziki.

Tuanze na Freretown. Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Aliyekuwa ametumwa kumshawishi ni Sir Bartle Frere. Meli za kivita za Uingereza zilipoyakamata majahazi, swali likabaki: hawa watu washushwe wapi? Wamisheni wa CMS wakachukua ardhi ng'ambo ya kisiwa, wakaipa jina la Frere, na kuanzia 1875 watu wakaanza kushushwa hapo: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, watoto wasiojua tena kwao ni wapi. Waliwakuta Waafrika wengine waliowahi kukombolewa zamani na kusomeshwa na wamisheni karibu na Nasik, kule India. Watu waliwaita Waafrika wa Bombay.

Kengele iliwaonya wakazi wavamizi wakija kuwarudisha utumwani. Hilo ndilo tunalolipenda kulisimulia. Lakini kengele hiyo hiyo iliwaita kanisani, na maisha yote pale yalikwenda kwa saa za misheni. Mwaka 1881 ikazuka kashfa: msimamizi wa makazi, J. R. Streeter, alishtakiwa kwa kuwachapa viboko watu aliokabidhiwa awalee. Fikiria hilo. Umetolewa kwenye jahazi, umeambiwa u huru, halafu unalazwa chini uchapwe. Mnyororo umekatwa, lakini anayesema lini uamke bado si wewe.

Hapa Kiswahili chenyewe kina ushahidi. Tazama ngeli. Mtu ni M-WA: mtu, mwalimu, mvuvi, mgeni. Lakini kipofu, kiziwi, kiwete na kilema tumewavalisha KI-, vazi la kiti na kijiko. Na mtumwa je? Ukitaka kumdogosha mjakazi unamwita kijakazi, na mtwana anakuwa kitwana. Lugha iliwapa mtu wa Freretown na mtu wa Bombolulu kiambishi kimoja. Sarufi inajaribu kurekebisha mbele ya safari, maana tunasema "kipofu amekuja", si "kipofu kimekuja". Uhai wanapewa kwenye kitenzi. Jina limebaki la kitu.

Sasa ile sehemu tamu. Miaka ya 1890, vijana wa miji ya pwani ya Kenya walikuwa wameshazitazama sana bendi za wanajeshi na za wamisheni. Wakachukua ngoma kubwa, matarumbeta, gwaride, kofia na vyeo, wakatengeneza kitu chao: beni. Jina lenyewe limetokana na band. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, Dance and Society in Eastern Africa, akionyesha jinsi ilivyoanzia pwani hii ikaenea hadi Tanganyika na mbali zaidi. Mombasa kulikuwa na makundi kama Kingi na Scotchi, wapinzani wa jadi, kila moja likitaka kulifunika jingine kwa mavazi na mbwembwe.

Wapo waliosema beni ni kumuiga mzungu tu. Sikubali. Mtu ambaye mchana anaamrishwa geuka kulia, jioni anajipa cheo cha kapteni na kuamrisha yeye: hiyo ni tamthilia, tena yenye ncha. Haikungoja ukumbi. Kenya National Theatre ilifunguliwa Nairobi Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, na miaka ile ya mwanzo jukwaa lake lilitawaliwa na wazungu. Beni ilikuwa imelishika jukwaa la barabarani miongo kadhaa mapema.

Freretown nayo ikapata sauti kwa njia nyingine. Mwaka 1934, James Mbotela, mtoto wa pale pale, alichapishiwa kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa. Wasomi wamemlaumu kwa kuwapamba Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu wa ukoo uliokombolewa, si mkononi mwa mkombozi.

Kutoka ukoo huo huo akazaliwa Leonard Mambo Mbotela, mwaka 1940, Freretown. Wazazi wetu hawahitaji kuelezwa. Ni mtangazaji wa "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichoanza 1966. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali walimtafuta yeye akatangaze kwamba serikali imeangushwa. Walikuwa na bunduki, na bado walihitaji sauti yake. Mbotela alifariki Februari 2025. Kutoka watu waliokuwa wakiitwa kwa kengele hadi mtu ambaye nchi nzima ilimtambua kwa sauti, hiyo si safari ndogo.

Sasa tusogee hadi Bombolulu. Karakana zile zilianzishwa chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoundwa 1958. Wafanyakazi hutengeneza vito, nguo, vitu vya ngozi na vya mbao. Kando yake kuna kituo cha utamaduni, nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya jamii mbalimbali, na ngoma huchezwa wageni wakatazama. Si Kisauni peke yake. Likoni kuna shule ya wasioona. Port Reitz, upande wa Changamwe, kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Piga ramani ya ng'ambo zote tatu uone: kila moja ina lango kama hilo.

Sidharau kazi hata kidogo. Kwa mtu ambaye kwao alifichwa chumba cha nyuma wageni wakija, mshahara ni heshima. Mwenye pesa yake huulizwa maoni kwenye kikao cha familia. Lakini kazi na sauti ni vitu viwili tofauti, na Freretown ilishatufundisha hivyo. Mtalii akipiga makofi, anapigia makofi ngoma au anapigia makofi ulemavu? Na aliyecheza, ni nani alichagua ngoma yenyewe?

Tunapenda kusema "hujafa hujaumbika". Methali nzuri, lakini hebu isikilize tena. Inazungumza na mzima, kumtisha kidogo: usicheke, na wewe yatakupata. Mwenye ulemavu mwenyewe haongeleshwi. Anatumika kama mfano. Maigizo yetu mengi yamefuata mkondo huo huo, kipofu yupo ili aombewe na aponywe onyesho la mwisho. Akibaki kipofu na maisha yake yakawa matamu, hatujui tumfanyie nini.

Wapo waliotujibu. Kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, ni mbali na huku, lakini watu wenye ualbino wa kule wameibeba ngozi kama mashtaka: weusi wanawaita wazungu, na wazungu hawawatambui. Mwaka 2017 kundi lao, Tanzania Albinism Collective, lilitoa albamu iitwayo White African Power. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuimba hadharani. Nyimbo walitunga wenyewe, kuhusu upweke na kutengwa kwao. Hakuna aliyesimama mbele yao na kuwasemea. Hata jina la albamu linafanya kile beni ilichofanya, linachukua neno la mwenye nguvu na kuligeuza.

Na sauti si lazima itoke kooni. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na haki ya kufika mahali pa umma. Yaani sheria imeshafika kwenye ile KI- tuliyoiona. Watu bado wako njiani.

Kwa hivyo mchezo huu tuuandike, na Mombasa ina vijana wa kuuandika. Tamasha la drama la shule limekuwepo tangu 1959, na kila mwaka kuna mtu anatafuta hadithi. Ninaomba mambo matatu tu. Mwenye ulemavu aigizwe na mwenye ulemavu. Alipwe kama mwigizaji, si kupewa nauli na asante. Na kabla ya mazoezi ya kwanza, mtu akapime ngazi. Kumbi nyingi siku hizi zina mteremko wa kiti cha magurudumu hadi kwenye viti vya watazamaji, halafu jukwaani ni ngazi tupu. Fundi aliyejenga hivyo ameshagawa majukumu: wewe utatazama. Mteremko ufike juu kabisa, kwenye taa, ndipo tuanze.