Usiku wa Kwanza Kutoka Kigoma: Watu wa Buha na Reli ya Kati

Historia ya sharika nyingi zilizoko kando ya Reli ya Kati huanza kwa kutaja majengo, kengele na majina ya wachungaji. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, miongoni mwa waliojaza mabenchi ya makanisa hayo wamo watu waliofika wakiwa wamekwisha kukaa usiku kucha juu ya mabenchi mengine, yale ya mbao ya behewa la daraja la tatu. Watu wa nyanda za juu za Kigoma, yaani wa Kasulu na Kibondo, ni mfano ulio wazi. Sura hii inakumbusha safari yao, taabu yake, na kile ambacho taabu hiyo iliacha nyuma.

Reli inafika ziwani

Kabla ya reli, mtu aliyetoka Ujiji kwenda Bagamoyo alitembea na msafara kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Njia ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na tarehe 1 Februari 1914 mataluma yakafika Kigoma, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote ni kilomita zipatazo 1,250, na upana kati ya vyuma viwili ni mita moja tu. Miezi sita baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma na kisha Tabora, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja mengi ya reli waliyokuwa wameijenga wenyewe. Wabelgiji walikaa Kigoma hadi mwaka 1921, Waingereza walipoipokea.

Reli hiyo haikupanda hadi Buha. Ilifuata bonde, kutoka Kigoma kupitia Kazuramimba na Uvinza penye chumvi, ikavuka mto Malagarasi na kuendelea Nguruka, Kaliua, Urambo na Tabora. Milima ya Heru, ambako ndiko Kasulu, na nchi za Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, zilibaki mbali upande wa kaskazini. Kutoka Kasulu hadi Kigoma ni mwendo wa kilomita zinazokaribia 100, na kutoka Kibondo ni zaidi ya 200. Kwa hiyo safari ya treni ya Mha ilianza kwa miguu. Alipofika stesheni alikuwa amekwisha kuchoka, na safari yenyewe ilikuwa bado haijaanza.

Sababu ya kuondoka

Hakuna mtu aliyeiacha nchi ya baridi na migomba kwa kupenda kutangatanga. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha hizo katika Buha zilipatikana kwa shida. Tena katika miaka ya 1930 watu wengi wa sehemu za Kibondo walihamishiwa katika makazi ya pamoja ili wakingwe na ugonjwa wa malale. Kwa kijana aliyetaka kulipa kodi, kuoa, au kuwanunulia wazazi wake nguo, njia iliyokuwa wazi ilielekea mashariki.

Huko mashariki kulikuwa na mkonge. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia wakati wa Waingereza mashamba yalikuwa yameenea Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa. Mwaka 1942 Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, nchi zilizokuwa zikizalisha nyuzi za kamba kwa wingi, mahitaji ya mkonge wa Tanganyika yalipanda ghafula. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kikaunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kote kwa jina la SILABU. Mawakala wake waliingia Buha, na Waha wakawa miongoni mwa watu walioandikishwa kwa wingi. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo kazi haikukamilika haikutiwa alama.

Behewa la daraja la tatu

Kwa miaka mingi treni ya abiria iliondoka Kigoma wakati wa jioni, hivyo sehemu ya kwanza ya safari, zaidi ya kilomita 400 hadi Tabora, ilikuwa ya usiku. Wazungu walipanda daraja la kwanza, Waasia wengi daraja la pili, na Waafrika, isipokuwa wachache, daraja la tatu. Katika daraja hilo hapakuwa na kitanda. Palikuwa na benchi la mbao, na benchi lilipojaa, palikuwa na sakafu. Sakafu nayo ilipojaa, mtu alikalia furushi lake, magoti yakigusa mgongo wa aliye mbele.

Taabu ya usiku huo ilikuwa na hatua zake. Mwanzoni kulikuwa na joto la Kigoma, lililokuwa zito kwa watu waliozoea hewa ya Kasulu. Katika mabonde ya Malagarasi mbu waliingia madirishani. Dirisha lilipofungwa, pumzi zilikwisha. Lilipofunguliwa, masizi ya injini ya mvuke yaliingia machoni na katika chakula. Baada ya usiku wa manane baridi ya misitu ya Unyamwezi iliwapata watu waliokuwa wamelowa jasho. Treni ilisimama mara nyingi, mara kupisha nyingine, mara injini ipate maji, na kila iliposimama behewa lilitikiswa kwa kishindo kilichowaamsha waliokuwa wamepata usingizi wa dakika chache. Mtoto alilia upande mmoja, kuku alilia upande mwingine. Aliyehitaji kwenda msalani alipaswa kuwavuka watu waliolala, naye aliporudi hakuwa na hakika ya kukikuta kiti chake.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kutosafiri peke yako. Vijana wa Buha waliondoka kwa makundi, watu wa kilima kimoja au wa ukoo mmoja, na mara nyingi pamoja nao alikuwamo mtu aliyekwisha kwenda na kurudi. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa safari. Alijua stesheni ambako chakula kilikuwa rahisi na ile ambako maji hayakufaa kunywewa. Aliwaonya wasilale wote kwa pamoja: wawili walale, wa tatu akeshe na kutazama mizigo, kisha wabadilishane. Blanketi moja lilifunika watu wawili au watatu. Ugali wa muhogo na dagaa waliofungwa nyumbani viliwekwa katikati, wala hapakuwa na aliyekula chake pembeni. Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Katika behewa lile hapakuwa na sultani, na umaskini uligawanywa kwa usawa hata ukawa mwepesi.

Aidha, behewa lilikuwa shule ya lugha. Kijana aliyejua Kiha tu alijikuta karibu na Mnyamwezi kutoka Urambo, Mmanyema kutoka Ujiji na Mgogo aliyerudi kwao. Lugha ya wote ilikuwa Kiswahili, nacho kilifundishwa hapo hapo, kwa kuomba nafasi, kuuliza bei ya karanga na kujibu swali la mkagua tiketi. Utani wa makabila, ambao tangu enzi za misafara uliwaunganisha Wanyamwezi na watu wa pwani, uliendelea ndani ya treni. Mtu aliyekuwa karibu kugombana kwa ajili ya kiti aliweza kutaniwa hadi akacheka, na kiti kikapatikana.

Alfajiri ya Tabora

Kulipopambazuka, wauzaji wa chai, maandazi na asali walizunguka madirisha ya mabehewa katika stesheni ya Tabora. Wasafiri walinyoosha miguu iliyokufa ganzi na kuhesabiana. Kuhesabiana huku kulikuwa na maana. Mbele kulikuwa bado na kilomita 840 kufika Dar es Salaam: Itigi, Manyoni, Saranda yenye sifa ya vyakula vyake, Dodoma, kisha mteremko wa Gulwe na Kidete kuelekea Kilosa. Kwa waliokwenda Tanga, taabu haikuishia Morogoro, kwa kuwa hadi mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya kuiunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga kutoka Ruvu, reli hizo mbili hazikukutana. Sehemu iliyosalia ilikuwa ya barabara.

Mahali pale pa Gulwe na Kidete, mto umeisumbua reli tangu zamani hadi nyakati hizi. Mvua kubwa zinapokuja, tuta huchukuliwa na maji, na safari ya siku mbili huweza kuwa ya siku nyingi. Hatari nyingine ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kutoka upande wa Dar es Salaam ilirudi nyuma bila kuzuilika na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Nyumba nyingi za magharibi ya nchi ziliingia katika msiba. Yeyote anayesimulia safari za treni kwa kicheko hana budi kunyamaza kidogo anapofika Igandu.

Urafiki uliobaki

Je, usiku mmoja katika behewa una uzito gani katika historia? Swali hilo hujibiwa vizuri zaidi kwa kutazama yaliyofuata. Shambani, manamba alikuwa mgeni. Wenyeji walimdharau kwa kazi yake, msimamizi alimjua kwa namba, na jina lake halikuwa na faida kwenye kipande. Waliomjua kwa jina walikuwa wale aliosafiri nao. Aliyeugua homa alipikiwa uji na mwenzake wa behewa. Aliyetangulia kumaliza mkataba alibeba fedha na salamu za wenzake hadi Kasulu na Kibondo, naye aliaminiwa kwa sababu alikuwa amekwisha kukabidhiwa mizigo ya wengine usiku, walipokuwa wamelala. Aliyekufa ugenini hakurudishwa kwao. Alizikwa huko huko, na kaburi lake lilichimbwa na watu wa safari yake, ambao ndio waliopeleka habari kwa mama yake.

Si wote waliorudi. Wengine walizeekea Tanga na Morogoro, wakaoa huko, na wajukuu wao leo huisikia Buha kama nchi ya hadithi. Mashamba waliyoyafikia yalikuwa katika nchi ambayo Injili ilihubiriwa na Walutheri tangu mwaka 1890, wamisionari wa Kijerumani walipoanza kazi Tanga, na muda mfupi baadaye katika milima ya Usambara. Kwa sharika za sehemu hizo, wageni waliotoka magharibi walikuwa jaribio. Kumkubali mtu wa kambi ya mkonge, mwenye Kiswahili cha kuvunjika na nguo moja, akae benchi moja na mwenyeji, lilikuwa jambo gumu kuliko kuimba juu yake. Behewa la daraja la tatu lilikuwa limewafundisha wageni somo hilo mapema: mtu husogea kidogo ili mwingine akae, bila kuuliza kwanza kabila lake.

Baada ya Uhuru uandikishaji wa manamba ulikoma. Nyuzi za viwandani ziliangusha bei ya mkonge, na mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Lakini treni haikupungukiwa na watu wa Buha. Wanafunzi, watumishi wa Serikali, wagonjwa na wafanyabiashara waliendelea kuupanda usiku ule ule, wakiwa na mawese, migebuka na maharage badala ya mkataba. Hata walipobadilika abiria, kanuni za behewa zilibaki zile zile: wawili walale, mmoja akeshe.

Siku hizi barabara ya lami imejengwa kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo hadi Kasulu, na wengi huchagua basi. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya pana ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa muda wa saa chache, na mkataba wa kuijenga reli hiyo kutoka Tabora hadi Kigoma ulitiwa sahihi mwezi Desemba 2022. Siku itakuja ambapo mtoto wa Kasulu atafika pwani bila kupata ganzi miguuni. Hilo ni la kushukuru, na hakuna mzee aliyekalia furushi lake kutoka Kigoma hadi Tabora atakayemwonea kijivu.

Ila katika adhimisho la miaka mia moja yafaa wakumbukwe walioulipia mwendo huo kwa migongo yao. Majina yao hayakuandikwa katika mawe ya msingi, na ofisi zilizowasafirisha ziliwaandika kwa namba. Wenzao, hata hivyo, waliwahesabu kwa majina kila alfajiri katika stesheni ya Tabora, na hawakupanda tena hadi wote wamepatikana.